Askari Mia na Ishirini wa Hester

Kila siku alipotoka shule, Hester Oldershaw alitupa mkoba chini ya ngazi, akachemsha chai, akabanika kipande cha mkate na kukimwagia maharage, kisha akakaa kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni. Baba yake, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha sukari nje kidogo ya mji wa Newark, Uingereza, alimpa meza ile kwa sharti moja: rangi isiguse vyombo vya kulia. Sharti hilo lilivunjwa mara moja tu, siku Hester alipochovya brashi kwenye chai ya Baba akidhani ni kikombe cha maji. Baba aliinywa yote ndipo akauliza kwa nini chai ya leo ni ya kijani.

Mezani walisimama askari wake. Walikuwa wa plastiki, wasiozidi urefu wa kidole gumba, na kila mmoja alikuwa na uso, vidole na mshipi kiunoni. Kazi ya Hester ilikuwa kuwapaka rangi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mwanachama wa klabu iliyokutana kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Hapo watoto na watu wazima walipigana vita vya mezani kwa dadu na majeshi madogo. Kiongozi wao alikuwa Bi Maureen Widdowson, fundi wa mabasi aliyestaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

Mwezi Januari, Bi Widdowson aliwatangazia jambo. Katikati ya Juni wangeonyesha vita vilivyopiganwa maili chache tu kutoka mjini kwao, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Wanafunzi arobaini wa shule ya msingi ya kijiji cha jirani wangealikwa, na kila mmoja angekabidhiwa kikosi chake akiongoze.

"Tuna majeshi matatu ya kupaka," alisema. "Kiran, chukua Wajerumani waliokodiwa na waasi, wako themanini. Jeshi la mfalme tutaligawana sisi watu wazima. Wamebaki Waayalandi mia na ishirini, nao wa upande wa waasi. Nani na nani?"

"Mimi," alisema Hester.

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu. Wote."

Kiran Bassi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo usiopumzika, aligeuka. "Wote? Hester, wewe kazi ya sayansi ya wiki moja inakutoa machozi!"

"Acha hizo. Utaniona mwezi wa tano, nitakuwa nimemaliza, nakungoja wewe."

Askari kumi wa kwanza walitoka vizuri ajabu. Hester aliwapaka mashati ya njano kama walivyovaa watu wa Ayalandi zamani zile, nywele nyekundu na nyeusi, na miguu mitupu. Mmoja alikuwa na mundu mkubwa begani, na Hester alimchorea hata kovu shavuni. Bi Widdowson alimweka kwenye kiganja, akamtazama kwa miwani, kisha bila miwani. "Huyu ana hasira na mtu," alisema, na Hester akarudi nyumbani akitembea hewani.

Shida ilikuwa ile njano. Hester alikuwa amewapulizia askari wote rangi nyeusi ya msingi, na njano juu ya nyeusi haikukubali. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka kama matope. Wa pili ulitoka kama haradali iliyooza. Ilibidi mikono minne au mitano ndipo shati lionekane shati. Kufika mwisho wa Februari alikuwa na arobaini na watatu, na kila alipoinua macho aliwaona wengine sabini na saba wakimsubiri, weusi tii, wote wakimtazama.

Basi akaanza kutafuta kazi nyingine. Alipanga brashi zake kwa ukubwa. Alitazama video za watu wengine wakipaka askari wao, saa nzima, akijiambia anajifunza. Alipaka joka moja ambalo halikuhusika na vita vyovyote.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, Bi Widdowson alisimama mbele ya ubao na kalamu. "Haya, tupeane hesabu. Kiran?"

"Hamsini na wanane," alisema Kiran, akimtupia Hester jicho.

"Hester?"

Arobaini na watatu ilikuwa tayari ulimini. "Themanini," alisema.

Ukumbi ulipiga makofi. Bi Widdowson aliandika 80 kwa tarakimu kubwa, na Hester akahisi masikio yanawaka.

Tangu siku hiyo, namba ilipanda kila Jumamosi: themanini na watano, tisini, tisini na wanane. Ilipanda ubaoni tu. Kila wiki Hester alileta askari watano katika kopo la biskuti ili waonekane, na watano hao walitoka miongoni mwa wale wale arobaini na watatu.

"Huyu mwenye mundu si alikuja wiki iliyopita?" Kiran aliuliza siku moja.

"Wanafanana. Ni ndugu."

"Na kovu wamerithi?"

Hester alicheka kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Nyumbani, sanduku la wale askari sabini na saba wasiopakwa alikuwa amelisukuma ndani ya kabati la nguo, chini ya makoti ya baridi. Baba alipitisha kidole juu ya meza ya dirishani na kukitazama. "Vumbi," alisema. "Jeshi limekwenda likizo?"

"Wamebaki wachache tu, Baba."

Mwishoni mwa Mei, Bi Widdowson alitangaza kwamba zimebaki wiki tatu, na Jumamosi inayofuata kila mtu alete jeshi lake zima lipangwe mezani. "Walimu wa shule ile wameniambia watoto wameshagombania nani ataongoza Waayalandi," alisema. "Bila hao hakuna vita, kuna gwaride tu. Hester, una mia na kumi na watano, nakuamini."

Neno hilo la mwisho Hester alirudi nalo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu.

Jumapili yake, Baba akiwa kazini, alilitoa sanduku. Aliamua kuwamaliza kwa nguvu. Alichukua njano nzito bila kuitia maji, akaanza kupaka mmoja baada ya mwingine, haraka, haraka, bila kungoja ikauke. Kufikia saa tisa mchana alikuwa amepaka thelathini. Ndipo akamwinua wa kwanza kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imejaa machoni, imeziba mdomo, imegandisha vidole vikawa kama kwato. Akamwinua wa pili, kisha wa kumi. Wote walikuwa kama mishumaa iliyoyeyuka.

Baba aliporudi alimkuta amelaza kichwa mezani, analia, na njano imemfika hadi kwenye nyusi.

"Haya, mama, nini tena?"

Hester akamweleza. Alianza na njano, akamalizia na namba za ubaoni, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kutoka.

Baba alivuta kiti, akakaa na koti lake la kazi. Hakumkemea wala hakumbembeleza. "Bi Widdowson anajua?"

"Hajui. Baba, naomba umpigie wewe, tafadhali."

"Mimi sikumdanganya. Nitampigia nimwambie nini?" Akampa kitambaa. "Futa nyusi. Ni mtaa wa tatu tu kutoka hapa. Nitakusindikiza mpaka getini."

Bi Widdowson alikuwa kwenye kibanda chake cha vioo nyuma ya nyumba, akinywesha miche ya nyanya. Hester alisimama mlangoni, akasema yote kwa pumzi moja: arobaini na watatu, namba za uongo, kopo la biskuti, thelathini walioharibika. Maji ya Bi Widdowson yaliendelea kumwagika kwenye mche mmoja mpaka ukaelea.

"Nimeudhika," alisema hatimaye, akiweka ndoo chini. "Sitakuficha. Mwezi Machi nilikuwa na watu wawili wasio na kazi, nilitaka nikuletee wakusaidie. Nikaona umefika themanini, nikawapeleka wakatengeneze miti. Sasa tuna miti mpaka hatujui tuiweke wapi."

"Samahani, Bi Widdowson."

"Na hii rangi ya msingi, nani alikuambia upulize nyeusi chini ya njano?"

"Niliona kwenye video."

"Ungeniuliza Februari, ningekupa kopo la nyeupe siku hiyo hiyo. Njano juu ya nyeupe ni mkono mmoja, miwili. Umeteseka bure miezi mitatu, mwanangu, kwa kuona haya kuuliza."

Alimwashiria aingie nyumbani. Sebuleni alifungua kabati na kuteremsha sanduku lililojaa vumbi. Ndani walilala wapanda farasi wa kijivu, hawajaguswa hata na tone la rangi. "Hawa wana miaka kumi na mmoja hapa. Kila mtu anayefanya mambo haya ana sanduku kama hili. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikumwambia mtu nimewamaliza." Hapo akatabasamu kidogo, na Hester akapata pumzi.

Jioni ile ile waliwatumbukiza wale thelathini katika maji ya dawa ya kutoa rangi, wakawasugua kwa miswaki ya zamani. Nyuso zikarudi moja moja. Kabla Hester hajaondoka, Bi Widdowson alimpa kopo la nyeupe la kuwapulizia wote sabini na saba, na sharti: "Jumamosi utawaambia wenzako mwenyewe. Mimi nitakuwa napika chai."

Jumamosi Hester alikwenda ubaoni, akafuta 115, akaandika 43. Kisha akaeleza.

Kiran aliruka kutoka kitini. "Yaani mimi nimekimbizana na namba za uongo tangu Machi? Mkono umenivimba! Nimemaliza Wajerumani wote themanini wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu yako!"

"Samahani, Kiran."

"Samahani! Mama yangu alidhani naumwa, sitoki nje!" Akamkazia macho, bado amekasirika kweli. Kisha akashusha pumzi. "Sasa nina wiki mbili sina kazi. Nipe miguu."

"Miguu?"

"Si wako pekupeku? Sabini na saba mara mbili. Miguu mia moja hamsini na nne. Nipe, kabla sijabadili mawazo."

Hapo watu wakacheka, na wale wawili wa miti wakasogeza viti. Walipanga kazi hivi: Hester mashati, Kiran miguu, wengine nywele na ngao. Bi Widdowson aliwagandisha askari kumi kumi kwenye vijiti vya mbao ili wapakwe safu nzima kwa rangi moja. "Usiwaze sabini na saba," alimwambia Hester. "Leo una kijiti kimoja. Kikiisha, funga rangi, nenda ukacheze."

Kwenye mlango wa jokofu Hester alibandika karatasi, na kila jioni aliandika namba ya kweli mbele ya Baba. Kuna siku iliandikwa kumi. Siku ya mtihani wa hesabu aliandika sifuri, na Baba akasoma, "Sifuri," akachukua maziwa yake akaenda zake. Siku nyingine hakuwa na hamu kabisa, akapaka mishipi mitatu tu na kuacha. Lakini kesho yake ile mishipi mitatu ilikuwa imekauka, na kuendelea kukawa rahisi. Ilikuwa ajabu jinsi njano ilivyong'aa juu ya nyeupe. Alijikuta anaimba.

Askari wa mwisho alikauka siku mbili kabla ya onyesho.

Watoto arobaini waliingia ukumbini kama mafuriko. Meza ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, na miti ilikuwa mingi mno kweli. Dadu zilirushwa, kelele zikapanda, mtoto mmoja akawaamrisha Wajerumani kwa lugha aliyoibuni papo hapo. Kama ilivyokuwa katika vita vya kweli, Waayalandi walizidiwa, na askari wao wakaanza kuondolewa mezani. Msichana mmoja mdogo aliyeitwa Edwina aligoma kumtoa wa kwake.

"Huyu hajafa," alisema, akimfunika kwa viganja. "Amechoka tu."

"Mwache apumzike," Hester akamwambia. Edwina akamtazama.

"Ni wewe uliyewapaka wote hawa?"

Kiran alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Hester akatikisa kichwa kukataa. "Niliwapaka arobaini na watatu peke yangu. Waliobaki tuliwapaka watu wanne. Miguu ya huyo wako ilipakwa na yule kaka pale."

"Miguu mizuri," alisema Edwina kwa heshima, na Kiran akainama kama mwigizaji jukwaani.

Watoto walipokwisha kuondoka, Hester na Bi Widdowson walibaki wakiwalaza askari kwenye masanduku yenye sifongo. Baba alikuwa akikunja viti.

"Bi Widdowson," alisema Hester, "mimi nilidhani nimechoka kwa sababu kazi ilikuwa kubwa."

"Kubwa ilikuwa kubwa," alijibu Bi Widdowson. "Lakini angalia, kazi ile ile umeimaliza kwa wiki tatu na umenenepa mashavu. Kilichokuchosha ni kubeba mizigo miwili, askari na uongo, na uongo hauna mtu wa kukusaidia kuubeba, kwa sababu hakuna anayejua unao. Ukikwama, sema umekwama siku ile ile. Halafu fanya kidogo unachoweza leo, na kesho kidogo kingine. Watu hawamchoki mtu anayesema kweli kwamba amebaki nyuma."

Alifunga kifuniko cha sanduku, akamkabidhi Hester alibebe mpaka garini.