Kipimachuki

Kila asubuhi katika kambi ya mateka ya Chumvini, kipimachuki kilisikiliza watu wakizungumza. Kilining'inia darini, cheupe, ukubwa wa sahani ya pilau, wala hakikujali mtu kasema nini. Kilipima ukali wa sauti, mapigo ya moyo na jasho, kisha kikawasha taa: kijani kwa wanaopatana, nyekundu kwa wanaochukiana. Mlinzi na mateka wakiwasha kijani walitenganishwa siku hiyo hiyo. Wakiwasha nyekundu waliachwa pamoja, maana nani atamtorosha mtu anayemchukia? Wakubwa wa Baraza, wenye kambi hiyo, waliona wamemaliza kazi.

Lugusha Kapaya, fundi wa pampu aliyejiunga kwa hiari yake na Jeshi la Umoja lililopigana na Baraza, alikamatwa mwezi wa pili wa vita. Mlinzi wake, Pazi, aliposikia anatoka Tabora, alikunja uso.

"Kumbe mpagazi! Babu yako alibeba mizigo ya babu yangu mpaka shingo ikazama kifuani!"

Lugusha hakufikiri mara mbili. "Na wewe Mzaramo, babu yako alilala chini ya mnazi akingoja nazi imdondokee mdomoni!"

Taa ikawa nyekundu kama pilipili. Waliounda chombo kile hawakuwahi kuwa na watani. Hawakujua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana huchambana hivyo hivyo, hata msibani, na hakuna anayekasirika.

Basi wakaachwa pamoja wiki tatu, wakitukanana kutwa. Lugusha alicheka moyoni, lakini hakumwamini. Kwa nini mlinzi amwongezee ugali? Kwa nini aulize habari za mkewe? Baraza lilikuwa na hila nyingi, na huenda hata utani walikuwa wameshaufundisha walinzi wao.

Alhamisi ikatoka orodha ya watakaopigwa risasi kesho yake. Jina la Lugusha lilikuwa la pili. Pazi akaingia, akamfokea mate yakimruka.

"Mshenzi wee! Leo saa saba mchana mitambo yote inazimwa nusu saa ipoe! Mlango wa jikoni nitauacha wazi! Kanisubiri kwenye daraja la reli tuvuke wote! Nimechoka na vita hii, mpagazi wee!"

Taa ikawaka nyekundu.

Saa saba mlango ulikuwa wazi kweli. Alitoka, akakimbia kwenye jua kali mpaka njia ilipogawanyika, na hapo ndipo shaka ilipomkaba. Tuvuke wote? Mlinzi avuke kwenda wapi, kama si kuwafuata wenzake Lugusha mpaka maficho yao? Akaliacha daraja, akapanda kilima cha miiba.

Akiwa juu alimwona Pazi akifika darajani. Hakuwa na bunduki. Alishika chupa mbili za maji, akaketi juu ya reli, akatazama huku na huku. Daraja lenyewe lilikuwa fupi. Angetaka kuvuka peke yake angeshavuka.

"We mpagazi!" akaita. "Umepotelea wapi? Mizigo imekulemea?"

Lugusha alibana uso ardhini. Neno moja tu lingetosha kumjibu. Alijiambia mtego huu umetegwa vizuri, akanyamaza, japo koo lilimkauka na alitamani yale maji.

Pazi aliita mara ya pili, na ya tatu. Nusu saa ikaisha. Taichuma, ndege asiye na rubani, akaamka kambini, akaja akizunguka chini chini juu ya reli. Mlio ulikuwa mmoja. Pazi akaanguka kati ya vyuma, na chupa moja ikabingirika mpaka mtoni. Lugusha alilia kwa aibu kuliko alivyowahi kulia kwa hofu, kisha akatambaa kuelekea upande wa wenzake.

Siku mbili baadaye alisimama mbele ya Kapteni Zuhura wa Jeshi la Umoja, aliyemsikiliza mpaka mwisho kalamu ikiwa mkononi bila kuandika chochote.

"Yaani adui akufungulie mlango hivi hivi tu?" Kapteni akauliza, akimtazama kwa jicho la pembeni. "Ungekuwa mimi, ungeamini?"

"Sikuamini, afande," Lugusha akasema. "Ndiyo maana nimefika peke yangu."