Kibomba Kilichofungiwa Sandukuni

Asubuhi ile Nyanjige alikuwa uani anachambua pamba. Safi aliirusha kwenye turubai, fifi, ile yenye uchafu, aliisukumia pembeni. Mama mkwe wake, Bibi Milembe, alikaa kwenye kigoda na kikopo chake cha ugoro. Shija, binti wa Nyanjige mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa anaosha sufuria.

"Wewe Shija," bibi akasema, "hilo sufuria unaliosha au unalichuna ngozi?"

"Ugali umeng'ang'ania, bibi. Kwani jana aliupika nani?"

"Nyamaza! Ulikula, hukula?"

"Nilikula."

"Basi sugua."

Wakacheka wote watatu. Baba wa nyumba, Maduhu, alikuwa ameenda Bariadi na mkokoteni wa pamba. Siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wamefunguliwa mlango, na kila mkulima alitaka kuchagua mwenyewe wa kumuuzia. Maduhu alisema atarudi baada ya siku mbili. Aliondoka na ufunguo wa sanduku, ameuning'iniza shingoni kwa kamba.

Mara sufuria likaanguka, ngwaa!

Shija alikuwa chini. Macho yamegeuka, meno yamekazana, mikono na miguu inarukaruka. Povu likatoka mdomoni.

Nyanjige alimkimbilia, lakini hakuogopa sana. Shija alikuwa na kifafa tangu akiwa na miaka mitano. Alimeza vidonge vya zahanati asubuhi na jioni, lakini mara mojamoja alianguka. Kwa kawaida ilikuwa muda mfupi tu. Analala kidogo, anaamka, anaomba maji.

Siku hiyo haikuwa hivyo. Shija alitetemeka, akatetemeka, wala hakukoma.

Jirani yao Monika alisikia kelele, akaja mbio. Akasimama palepale kwenye ua wa minyaa, hakuingia.

"Usimguse, mama Shija! Hilo povu likikupata, na wewe unao!"

"Ni mwanangu, Monika!"

"Basi mtie kijiko mdomoni! Atajing'ata ulimi!"

Bibi akaleta mwiko. Nyanjige akaulazimisha katikati ya meno. Kitu kikalia, ka! Jino la mbele la Shija likakatika. Damu ikachanganyika na povu.

"Mungu wangu," Nyanjige akasema. "Nimefanya nini?"

"Kile kidude!" bibi akapiga kelele. "Kidude cha watu wa chuo! Kiko wapi?"

Nyanjige akatazama mlango wa ndani. Kilikuwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa Bariadi.

Miezi miwili nyuma, gari la watafiti wa chuo kikuu lilifika kijijini. Walikuwa wanatengeneza kibomba kidogo cha plastiki, hakina sindano. Mtu akiwa ameanguka na kifafa hakimwachii, unaweka ncha ya kibomba kwenye tundu la pua, unabonyeza, dawa inaingia. Walitaka kuona kama mama anaweza kukitumia mwenyewe nyumbani. Anayetaka akubali, asiyetaka akatae. Maduhu na Nyanjige walikubali. Nesi wao, Mektilda, aliwaonyesha haraka haraka, maana jua lilikuwa linazama na dereva alikuwa anapiga honi. Akiwa tayari garini alitoa kichwa dirishani, akasema, "Kitunzeni vizuri sana!"

Kibomba kilikuwa kwenye kopo, na kopo limebandikwa karatasi: MALI YA CHUO KIKUU.

Maduhu aliyasoma maneno hayo mara tatu. Zamani alikuwa mtunza stoo kwenye kinu cha pamba cha ushirika, kabla hakijafungwa. Aliwahi kumwona mwenzake akipelekwa polisi kwa sababu ya gunia moja tu lenye mhuri wa ushirika. "Hii ni mali ya watu," alisema. Akaifungia kwenye sanduku la chuma. Kufuli lenyewe lilikuwa la kinu.

Nyanjige akachukua shoka. Akapiga kufuli mara moja. Akapiga tena. Halafu akalishusha shoka.

"Mama, ni mali ya chuo. Nikiharibu, baba Shija atafungwa."

"Vunja, nakwambia!"

Akapiga, akapiga. Kufuli likapinda, halikufunguka. Nje, Shija alikuwa bado anatetemeka. Kivuli cha nyumba, kilichokuwa kwenye kigoda cha bibi alipoanguka, kilikuwa kimerudi mpaka kwenye kizingiti. Ndipo mwili wa Shija ukatulia wenyewe.

Aliamka jioni. Nyanjige akainama karibu naye.

"Shija, mwanangu."

Shija alimtazama.

"Wewe nani?" akauliza.

Ilichukua siku mbili kumkumbuka mama yake.

*

Siku ya nne baada ya hapo, gari la chuo likarudi. Akashuka Daktari Januarius, mkubwa wa watafiti, na Nesi Mektilda.

"Mwangaluka!" Mektilda akasalimia.

"Mwangaluka," Maduhu akaitika. Alikuwa amesharudi kutoka Bariadi. Akawaomba wakae, akaingia ndani, akatoka na kopo amelishika kwa mikono miwili kama yai.

"Tazama, daktari. Kipya kabisa. Hata mfuniko haujaguswa."

Mektilda akatabasamu. "Kwa hiyo Shija hajaanguka. Vizuri sana!"

"Ameanguka," Nyanjige akasema.

Tabasamu likakatika.

"Kwa muda gani, mama?"

Bibi Milembe ndiye aliyejibu. Alinyoosha kidole kwenye kigoda, kisha kwenye kizingiti. "Kivuli kilitoka pale, kikafika hapa."

Daktari Januarius alipima kwa macho. Akavua miwani. Mektilda akakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake jeupe.

"Jamani! Kwa nini hamkumpa dawa?"

Maduhu akashangaa. "Si ulisema tukitunze, nesi? Mimi nimekitunza. Nimekitunza kuliko ng'ombe wangu."

Mektilda akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yakajaa machozi.

"Ni mimi," akasema. "Ni neno langu. Nilitaka kusema kiwe karibu. Nikasema kitunzeni, nikapanda gari, nikaenda zangu."

Maduhu alilitazama lile kopo. Akamtazama Shija, aliyekaa mlangoni na pengo mbele.

"Ina maana," akasema polepole, "nilifungia dawa ya mwanangu, nikatembea na ufunguo?"

Akaivua ile kamba ya ufunguo shingoni.

Daktari Januarius akachukua kopo. Akaibandua ile karatasi kwa ukucha, akaikunjakunja, akaitia mfukoni. "Baba Shija, kosa si lako peke yako. Sisi tumesoma miaka mingi kutengeneza hiki kitu, halafu tumebandika maneno ya kutisha juu yake. Kikirudi kwetu kipya na mtoto ameumia, tumefanya kazi bure. Hii si mali ya chuo. Ni dawa ya Shija."

"Sasa nifundisheni upya," Nyanjige akasema. "Leo hakuna kupiga honi."

"Leo nitalala hapahapa kama itabidi," Mektilda akajibu. "Nani atakuwa mgonjwa?"

"Nilazeni mimi," akasema Bibi Milembe. "Tayari nina mguu mmoja kaburini."

Akalala kwenye mkeka, akaanza kurusha miguu. Shija akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile.

"Ondoa kitu chochote cha kumuumiza," Mektilda akasema. "Moto, jiwe, jembe. Weka kanga chini ya kichwa. Usimkandamize. Mlaze ubavu, povu litoke nje. Halafu mdomoni unaweka nini?"

"Mwiko," bibi akasema kutoka mkekani.

"Hapana! Hakuna mwiko, hakuna kijiko, hakuna maji. Ulimi haumezwi. Jino ndilo linalovunjika."

Nyanjige akainamisha kichwa.

"Na povu?" akauliza. "Watu wanasema linaambukiza."

"Mimi nimefuta povu la wagonjwa miaka tisa, mama. Ningekuwa nao zamani. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa kushikana, si kwa kula sahani moja."

"Nitajuaje ni wakati wa kibomba? Saa hatuna."

"Unajua kuhesabu mpaka mia?"

"Kwa Kisukuma."

"Kwa Kisukuma kunatosha. Hesabu mia mara tatu, polepole. Akitulia kabla hujamaliza, kibomba kiache. Mia ya tatu ikiisha hajatulia, weka puani, bonyeza. Kimoja tu. Halafu mpelekeni zahanati."

Bibi akainua kichwa. "Kumbe ni kama ugoro! Unapita puani, dakika hiyohiyo uko kichwani."

"Njia ni hiyohiyo, bibi. Ila hiki ukikinusa kwa starehe nitakuja kukukamata."

"Na vidonge?" Maduhu akauliza. "Sasa tuviache?"

"Vidonge asubuhi na jioni, kila siku, hata akiwa mzima. Ukiviacha ghafla unauita ugonjwa mwenyewe. Kibomba kinazima moto uliowaka. Vidonge vinauzuia usiwake."

Maduhu akasimama. Akapigilia msumari ukutani, kivulini, karibu na mlango. Nyanjige akatundika hapo kikapu chenye kibomba. Mahali popote alipokwenda Shija, kikapu kilikwenda.

*

Mwezi wa tisa Shija alianguka siku ya mnada, katikati ya watu. Watu wakakimbia. Wengine wakapiga kelele, "Kijiko! Leteni kijiko!"

"Hakuna kijiko!" Nyanjige akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Akamlaza ubavu, akaweka kanga, akaanza kuhesabu kwa sauti. Mia ya kwanza. Mia ya pili. Hesabu haikupotea. Mia ya tatu ikaisha, Shija bado anarukaruka. Akaweka kibomba puani, akabonyeza.

Miguu ikapunguza mwendo. Kisha mikono. Kisha Shija akashusha pumzi ndefu, akalala.

Walimpeleka zahanati kwa mkokoteni. Alipofumbua macho alisema, "Mama, nina kiu."

Amesema mama. Nyanjige akalia pale pale, mbele za watu.

Kesho yake asubuhi Monika alikuja. Safari hii aliingia mpaka ndani, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Shija. Hicho kidude. Kinafaa kwa mtoto wa miaka minane?"

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Monika, wewe una watoto wawili. Wote wakubwa."

"Ninao watatu." Monika alikuwa anaongea na sakafu. "Anaitwa Felisita. Nilimzaa kwetu, nikarudi naye usiku, tayari ana kifafa. Yuko chumba cha ndani. Tuliogopa watu wasije kututenga."

Nyanjige akasimama. Miaka minane walikuwa wamechota maji kisima kimoja, wamevuna pamba pamoja, wamezikana. Na nyuma ya ule ua wa minyaa alikuwepo mtoto ambaye Nyanjige hakuwahi hata kumsikia akilia.

"Twende ukanionyeshe," akasema.

Jumatatu walikuwa kwenye foleni ya zahanati, mama wawili na mabinti wawili. Shija alimshika Felisita mkono, akamwongoza hatua kwa hatua. Felisita alitembea amefumba macho. Haikuwa kifafa. Lilikuwa jua tu, hajalizoea.