Kezironi na Volti za Apolline

Watu wa Mbarara, Uganda, wana huruma na mwanamke aliyebeba mtoto. Ndiyo maana Jumatatu ile ya mwaka 2013, barabara ya Nyamityobora ilipofurika wanunuzi, Apolline alipita katikati yao bila kusukumwa na mtu. Alivaa blauzi nyeupe yenye mikono ya puto na kitenge cha manjano. Mgongoni alikuwa amefunga kitenge cha pili, na ndani yake mzigo mzito uliofunikwa gubigubi. Mama mmoja muuza ndizi alimsogezea mwavuli mtoto asichomwe na jua.

Kijana aliyesimama mlangoni mwa duka la kompyuta alimtazama, akautazama mgongo, akautazama tena.

"Nyabo, samahani. Mtoto yako iko na kona nne."

"Anafananaka na baba yake," Apolline akajibu bila kusimama.

"Na hii waya natoka huku chini?"

Hapo akasimama, akacheka hadi kompyuta nusura imponyoke mgongoni.

Kijana huyo aliitwa Kezironi. Alikuwa mtoto wa sajenti, amekulia kambini Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride. Apolline alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini aliyekimbilia kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Huko alikuwa na chumba cha kutengeneza filamu za harusi na kwaya, na wiki hiyo alikuwa na filamu ya kwaya ya kanisa lake, ambayo ingezinduliwa Jumapili. Alimweleza Kezironi kwamba kompyuta ilikuwa nzito, filamu moja inakula siku mbili za jenereta, na machine ya kubeba mu mapikipiki inakufaka, ndiyo maana aliibeba mgongoni.

"Hapana ogopa," Kezironi alisema huku macho yameganda kwa mwenye kompyuta. "Prosesa hii iko na nguvu imejificha. Mimi taongeza mwendo yake."

Sasa, kuongeza mwendo wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni kazi ya subira. Ukiipa volti chache mno, inaganda kazini. Ukiipa nyingi mno, inachemka. Unatafuta kiasi kidogo kabisa kinachotosha, kisha unaibebesha kazi nzito kwa masaa manane mfululizo, na isipoganda ndipo unathubutu kusema imetulia. Kezironi aliyajua yote haya. Lakini Apolline alikuwa amesema atarudi kesho yake saa nne, na kijana alikuwa na maandalizi mengine: kunyoa, kupiga pasi shati la mistari, kuazima marashi. Aliijaribu kompyuta dakika ishirini tu, katika baridi ya asubuhi, akaona haijaganda, akaridhika.

"Uliijaribu muzuri?" Apolline aliuliza aliporudi.

"Masaa manane, kabisa!"

"Aksanti mingi, chéri."

Neno hilo chéri lilimmaliza. Alimpeleka kunywa chai, akamsindikiza hadi kwenye gari la Rwekubo, la kurudi Nakivale, na jioni akampigia simu kumwambia kwamba anampenda. Apolline hakukataa. Alisema tu kwamba anasikia.

Jumatano mchana simu ya Kezironi ililia.

"Kezi, machine yako imelala."

"Nalala wapi?"

"Mu tisini na tatu kwa mia! Mara ya tatu! Banakwaya bote bako hapa, ba soprano banalia!"

"Bambi, pole. Huko iko joto?"

"Niko chini ya mabati, Kezi, saa saba! Uliijaribu masaa ngapi? Sema kweli."

"Dakika ishirini."

"Na masaa ingine?"

"Nilikuwa nanyoa."

"Masaa manane unanyoa? Uko na vichwa ngapi?" Sauti yake ikashuka. "Na mapendo yako, ulijaribu dakika ngapi?"

Akakata simu, na hakuipokea tena siku ile wala siku iliyofuata. Nakivale kulikuwa na watu waliosema wazi kwamba msichana hawezi mashine, na sasa walikuwa wamepata la kusema. Hilo lilimuudhi Apolline. Kilichomuumiza hasa ni kwamba alikuwa ameanza kumwamini yule mjinga.

Kezironi naye alikosa raha hadi mama yake, Atuhaire, akaingilia kati.

"Mtu haendi omba msamaha na singilendi," alisema. "Vaa koti. Hapana enda peke yako. Na mikono hapana enda mitupu."

Basi Jumamosi asubuhi Kezironi alifika Nakivale amevaa koti jeusi la baba yake, lililompwaya mabegani. Pamoja naye walikuja rafiki yake Meddy, amebeba kreti ya soda, na mzee Gatete, mwenye duka, amebeba sukari na mita ya kupimia umeme. Nao walivaa makoti.

Laiti mama yake angejua. Kwa Wakongomani wale, kijana akifika nyumbani kwa msichana na wanaume wawili, makoti na soda, haulizwi mara mbili. Amekuja kujionyesha, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ndoa. Tantine Goretti, shangazi aliyemlea Apolline, aliwaona wakiwa bado njiani. Kabla hawajabisha hodi, kuku alikuwa amechinjwa, viti vimeletwa kutoka kanisani, na baba yake mdogo Pacifique ameitwa kutoka shambani. Alinawa miguu, akafunga tai, akaketi mbele yao.

"Bageni betu, karibuni. Mumekuja kutafuta nini mu hii nyumba?"

Kezironi alikuwa na bisibisi mkononi. Meddy, ambaye ana akili ya haraka, alimwinamia sikioni. "Sema unatafuta mke, banange! Wameshakubali!"

Ingekuwa rahisi kweli. Lakini Apolline alikuwa amesimama mlangoni, uso ameukunja, anangoja kusikia.

"Mzee, mimi hapana taka danganya tena," Kezironi alisema. "Nimekuja tengeneza kompyuta. Niliongopea mtoto yenu. Hii koti ni ya kuomba msamaha."

"Na kuku yangu?" Tantine Goretti akauliza.

Apolline aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Hata hivyo, alikuwa amesikia ukweli, na ukweli huo ulikuwa umemgharimu mtu.

"Basi atengeneze," alisema. "Masaa manane. Hapa, chini ya mabati. Na koti asitoe."

Kezironi aliongeza volti kidogo. Baada ya dakika kumi, kompyuta ikaganda. Akaongeza tena, ikafika dakika arobaini, ikaganda. Alipoongeza mara ya tatu, feni ilipiga kelele na kipimo cha joto kikapanda vibaya, naye bado alitaka kuongeza. Apolline akavuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Juu ya nini unang'ang'ania huu mwendo?"

"Niliahidi wewe."

"Mieye sikukuomba mwendo ya kujisifia. Niliomba kazi imalizike. Shusha kidogo."

Gatete alikohoa. "Msikilize nyabo. Miaka miwili naambia wewe hivyo hivyo."

Akaushusha mwendo hatua moja, akazirudisha volti chini, akaianzisha upya filamu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Walikaa bega kwa bega wakiitazama ile asilimia ikitambaa. Saa nane mchana mabati yakawaka, na jasho likalowesha koti la sajenti.

"Toa hiyo koti, utanifia hapa," Apolline alisema, akampa maji.

"Ulisema nisitoe."

"Kezi. Toa."

Saa kumi na mbili jioni filamu ikafika mia kwa mia, na kompyuta ikaendelea kunguruma taratibu. Wanakwaya waliojazana dirishani wakaimba. Kezironi alisimama, shati limemganda mgongoni, akatoka hadi mbele ya Pacifique.

"Mzee, naomba niulize tena."

Pacifique alirekebisha tai. "Umekuja kutafuta nini?"

"Apolline."

Desturi ni kwamba msichana naye huulizwa mbele ya wote, na akisema anamjua kijana, amemkubali, kwa hiyo Pacifique akamgeukia.

"Binti yangu, huyu kijana unamujua?"

Apolline alimtazama Kezironi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatabasamu.

"Jumanne nilizania namujua," alisema. "Leo ndio namujua."