Mtu wa Jumamosi

Nairobi ya zamani, ile ya kutoka River Road mpaka kituo cha reli, hakuna mtu hapa Zombe anaijua kunishinda. Nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natoka kwa daktari, nimefungwa bandeji macho yote mawili. Mara ya pili nililala nikaamshwa Machakos tukirudi. Kwa hivyo haya nimeyapata kwa Kalekye, binti ya jirani yangu Kanyiva. Yale Kalekye alinificha, nimeyajua hivyo hivyo.

Kalekye alikuwa anauza vifungo Biashara Street. Duka zima ni vifungo, nyuzi na zipu, na yeye katikati kama malkia wa mashati. Jumamosi duka likifungwa saa nane, wenzake walikimbilia stage ya matatu. Yeye alivaa raba nyeupe na sketi yake ya kijani ya marinda, akatembea akiangalia juu. Nairobi hakuna mtu anaangalia juu. Watu wanaangalia mfuko wao, na mfuko wa jirani. Lakini juu ya maduka ya zamani, chini ya mavi ya njiwa, wale Wahindi waliojenga waliandika mwaka. Kalekye aliokota miaka hiyo akaiandika kwa kitabu kidogo, vile wengine tunaokota kuni.

Siku hiyo alikuwa kwa kichochoro nyuma ya River Road, shingo nyuma, mdomo wazi. Hapo kunanuka ndizi zilizoiva sana na mafuta ya kukaanga samosa. Mkokoteni wa vitunguu ukamjia mbio. Mkono ukamvuta kando.

"Madam! Unataka kufa ukihesabu njiwa?"

"Nasoma."

"Unasoma nini huko?"

"Mwaka. Hapo juu ya dirisha la mbao. Elfu moja mia tisa ishirini na nane."

Kijana akaangalia. Alikuwa mrefu, shati ya bluu imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, viatu vyenye ncha. Jina lake Musyimi.

"Hii nyumba naijua sana," akasema. "Ilikuwa ya gavana. Alikuwa anafunga farasi hapa chini."

"Gavana, kwa kichochoro?"

"Alikuwa gavana mdogo."

Kalekye akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu macho yake ya kuuza vifungo yakashuka kwa ile shati.

"Kifungo chako cha tatu kimeshonwa na uzi wa gunia."

"Ni fasheni."

"Ya wapi?"

"Ya hapa hapa. Mimi ni mtu wa Nairobi, nimezaliwa hapa."

Alikuwa amezaliwa Mukuyuni, huko Makueni, na asubuhi hiyo alikuwa ameshusha magunia kumi ya machungwa. Alitaka kusema ukweli walipofika kona ya pili. Lakini hapo Kalekye, bila kuulizwa, akamweleza habari za baba yake, aliyefanya kazi Mombasa akawa anaonekana nyumbani kila Desemba, mpaka Desemba moja hakuonekana.

"Mama yangu bado anasikiliza gari," akasema. "Mimi siwezi mtu wa Desemba. Heri nibaki na vifungo."

Musyimi akameza ukweli wake na mate.

Kwa kona ya tatu kulikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti, ameshika kijana na msichana mikono, anawaambia Mungu amemwonyesha harusi yao.

"Mwanaume akikupangia harusi siku ya kwanza," Kalekye akasema, "ni mwizi ama ni mhubiri."

"Kweli kabisa," Musyimi akajibu haraka, maana saa hiyo alikuwa anapanga. Kile alifanya alipofika Mukuyuni nitawaambia nikikumbuka.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na ile nyingine. Anaamka jogoo wa kwanza, anamwagilia miti yake ya machungwa, anapiga pasi, anapanda gari, anafika akiwa mtu wa Nairobi. Walipata Kumi na Tatu juu ya duka la bizari, mahali unapiga chafya kabla ya kusoma. Walipata Thelathini na Nne juu ya kinyozi. Kila nyumba Musyimi aliipatia gavana. Mwishowe Kalekye akawa anamwita Gavana Mdogo, na yeye akawa anamwita mwendwa, mpenzi kwa Kikamba chetu.

Mwaka ukazunguka hivyo. Halafu Jumatano moja, saa ya chakula, Kalekye akapiga simu.

"Gavana Mdogo, umekula?"

"Nimekula, mwendwa. Niko hapa Tom Mboya Street. Watu ni wengi, wee!"

Punda akalia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni honi."

"Ya nini?"

"Ya lori. Imeharibika."

Punda akalia tena, na sauti ya mwanamke ikapiga kelele: "Musyimi! Si utoe huyu punda wako kwa machungwa!"

"Na huyo," Kalekye akauliza polepole, "ni honi ya nani?"

Alikuwa mke wa kaka yake. Lakini mtu akishikwa, ulimi unachukua njia yake. "Kwani wewe ni polisi?" Musyimi akasema. "Tulikuwa tunaangalia majengo tu. Nani alikuambia nina mpango na wewe?"

Simu ikakatwa.

Jumamosi tatu Kalekye alitembea kwingine, huko kwa ghorofa za vioo ambazo hazijui zilizaliwa lini. Hakuandika kitu. Ya nne, miguu yenyewe ikampeleka kichochoroni. Musyimi alikuwa amesimama chini ya Ishirini na Nane, amevaa akala za tairi, vumbi mpaka magotini, gunia la machungwa kando.

"Nimekuja zote tatu," akasema. "Mimi ni wa Mukuyuni. Bibi sina. Nina miti mia mbili na punda mmoja asiye na adabu."

"Ulinidanganya mwaka mzima."

"Ulisema hutaki mtu wa Desemba."

"Na wewe ni wa lini?"

"Wa Jumamosi. Zote. Hesabu kwa kitabu chako."

Akahesabu. Zilikuwa hamsini na tatu.

"Nilikataa kungoja, Musyimi," akasema. "Sikukataa kuhama. Mukuyuni kwani watu hawavai vifungo?" Halafu akamtazama usoni. "Lakini lile neno, kwamba hukuwa na mpango. Lilikuwa kweli?"

Musyimi akakumbuka mwizi na mhubiri. "Lilikuwa kweli," akasema. "Mpango umekuja wiki hii tu." Kalekye akakubali kuolewa, lakini neno hilo likabaki kama mfupa wa samaki kooni.

Ndivyo Musyimi na watu wake wakaja hapa Zombe na mbuzi tatu za ntheo. Bila ntheo Mkamba hajaoa, hata akiwa na cheti cha kanisa ukubwa wa mlango. Mimi nilikuwa kwa lango, nimebeba sufuria ya mtu ili nisifukuzwe. Musyimi alivaa koti, na Mzee Kivuva, baba yake mdogo, akamsemea vizuri.

Kanyiva, mama ya Kalekye, hakuzitazama pembe wala mgongo. Akauliza neno moja.

"Hizi mmezifuga, ama mmenunua?"

Kalekye alikuwa amesimama karibu, na Musyimi hakutaka kuitwa mhubiri.

"Tumenunua, mama. Jana hapo sokoni."

Mzee Kivuva akakohoa kama mtu amemeza nzi.

Uso wa Kanyiva ukafungwa. "Baba ya Kalekye pia alinunua zake njiani akikuja," akasema. "Akawa mtu wa njiani. Wewe kijana ulianza kumfikiria mtoto wangu jana?"

Kalekye akaangalia chini. Kanyiva akaokota kamba kuzirudisha nje.

Mbuzi mmoja, jike mweupe, akakataa. Akapiga mguu, kamba ikatoka, akaenda moja kwa moja kwa Musyimi akaingiza pua kwa mfuko wa koti na kuanza kutafuna mahindi.

"Toka," Musyimi akamnong'onezea. "Toka, Ishirini na Nane, utaniharibia."

Tulisikia sote. Hata mimi, na sikio langu moja ni la mapambo.

"Umemwita nani?" Kalekye akauliza.

"Nani? Huyu? Simjui."

Kanyiva akafungua mdomo wa mbuzi, akahesabu meno. "Huyu ana mwaka na kidogo," akasema. "Jana ni refu sana huko Mukuyuni." Hapo nikakumbuka kile Musyimi alifanya alipofika kwao jioni ile ya kwanza: alitenga mtoto wa mbuzi.

"Gavana Mdogo," Kalekye akasema, machozi na kicheko vinasukumana mlangoni, "hao wengine wanaitwa nani?"

Musyimi akaangalia viatu vyake vyenye ncha.

"Hawana majina," akasema. "Mbuzi ya sokoni inaitwa nani?"

"Kumi na Tatu!" Kalekye akaita. "Thelathini na Nne!"

Na wale wawili wakaja.