Behewa la Vitunguu vya Bondeni

Mpanga mabehewa alikutwa saa moja asubuhi, amebanwa kifua kati ya behewa tupu na behewa la vitunguu, kalamu bado mkononi.

"Ajali," alisema mkuu wa stesheni, akijifuta jasho na jua hata halijakolea. "Breki ya mkono imeachia. Hapa pana mteremko."

Inspekta aliizungusha ile breki. Ikakaza barabara. Akainama. Kabari ya mbao, ile inayozuia gurudumu, ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano yake ubavuni mwa behewa, vizuri kabisa.

"Hii hutundikwa na nani?"

"Waunganishaji wangu wa mabehewa. Ndivyo wanavyofundishwa."

"Wako wapi?"

"Wote wawili wameondoka alfajiri na treni ya madini."

Daktari wa polisi aliinua kichwa. "Huyu bado ana joto. Saa moja haijaisha tangu afe."

Basi hawakuwa wao. Inspekta akaingia kantini ya stesheni, maana huko ndiko mji mzima hujianika.

"Afande, tunakufa sote, yeye katangulia tu," mama wa kantini alianza kabla hajaulizwa. "Kiwanda cha sabuni kimefungwa, malighafi hazifiki. Saruji bei yake ni matusi. Daraja la barabara limekwenda na mto, na reli yenyewe njia moja: madini kwanza, sisi tutajijua. Vitunguu vina siku ishirini na tatu humo ndani, unavyovinusa ndivyo vilivyo."

"Leo asubuhi umemwona nani?"

Akashusha sauti, akasogeza kiti. "Si unamjua Mzee Breki? Muunganishaji wa zamani, walimpunguza kazini, akaenda kulima bondeni. Kila siku anakuja kuulizia behewa lake. Leo kaagiza chai, katoka kidogo, karudi kapita mbio. Chai ile pale, hajaigusa."

Mzee Breki walimkuta kwake, kakaa kizingitini. Mkewe alikuwa akichambua vitunguu vya mwisho, vilivyochipua huku, vilivyooza kule.

"Hulazimiki kusema kitu, mzee," alisema inspekta. "Ukisema, kitaandikwa."

"Andika."

"Kabari uliitundika wewe?"

"Kabari haitupwi relini, afande. Mtu anaweza kujikwaa akafa." Alisikia alichokisema. Akafunika uso.

"Baba watoto, umefanya nini?" mkewe alinong'ona.

"Kaya arobaini zilinipa vitunguu vyao. Niliwaambia, leteni, reli naijua mimi. Sasa wananipita njiani hawanisalimii. Jirani yangu kauza mabati, watoto wanalala chini ya turubai. Nikamfuata mpanga mabehewa nimuulize, lini? Alikuwa anaandika namba za mabehewa, kanipa mgongo. Akasema, 'Niache nifanye kazi, mzee.' Nikatoa kabari. Nikatundika. Nikafungua breki."

"Orodha ya mabehewa yanayoondoka hakuipanga yeye. Inatoka makao makuu."

"Makao makuu siwaoni. Niliyemwona ni yeye."

Waliporudi stesheni na Mzee Breki mwenye pingu, mkewe akifuata nyuma peku, injini ilikuwa imesimama njia kuu, inanguruma. Mkuu wa stesheni alikuja mbio.

"Afande, tumepewa nafasi! Mabehewa kumi na nne. Kumbe makao makuu walimpigia marehemu simu alfajiri, ndiyo maana alikuwa anaandika namba. Na lile la vitunguu limo. Tuliunge?"

Mzee Breki alikaa chini palepale, kwenye kokoto.

"Lile haliondoki," alisema inspekta. "Ni kielelezo cha ushahidi. Litabaki hapa mpaka kesi iishe."

"Mwanangu," mke wa Mzee Breki alimshika mkono wa shati. "Vitunguu havijaua mtu. Ni vya watu."

Konstebo alikuwa tayari anabandika lakiri ya polisi mlangoni. Injini ikapiga honi, ikaondoka na mabehewa kumi na matatu.