Saa Mbili Nyuma

Jumamosi ile asubuhi mtaa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, ulikuwa umefurika watu. Dorine Mwansa alibeba begani bunda la waya wa mtandao, wa buluu, akipenya kati ya meza za mafundi cherehani na wauza chaja za simu. Alivaa jinzi na blauzi ya kitenge cha manjano, nywele kazifunga juu kabisa. Hakujua kwamba ncha ya waya ilikuwa imefunguka, inaburuta vumbi nyuma yake, mpaka aliposikia mtu anacheka.

“Maman, mbuzi yako ilishakimbia. Unabakia na kamba tu.”

Aligeuka. Kijana mrefu alikuwa ameshika ule mwisho wa waya kwa vidole viwili. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hadi mikono ikasimama, na viatu vyake vyenye ncha kali vilikataa vumbi la mtaa mzima.

“Haiko kamba. Ni waya ya réseau. Usiikanyage, kuko nyuzi munane ndani.”

“Munane! Zote zinafanya nini?”

“Zinapeleka maneno ya bantu, ya kila mutu.”

“Basi peleka yangu. Ambia mwenye waya, ile blauzi inamufaa sana.”

Dorine alitaka kukasirika, akashindwa. Walipoulizana waendako, wakacheka wote wawili. Ephraïm Kasonde alikuwa fundi wa maabara katika polikliniki moja ya mtaa wa Golf, na polikliniki hiyohiyo ndiyo iliyomwita Dorine aje kuweka seva, ili mafaili ya wagonjwa yaondoke kwenye makabati. Ephraïm akachukua bunda, akalibeba mpaka kwenye teksi.

Ilimchukua Dorine wiki tatu. Aliweka mfumo wa Debian, akafunga kila mlango wa mtandao usiotumika, akampa kila mfanyakazi jina na neno lake la siri. Alipenda programu huria kwa sababu zilikuwa wazi. Kila kitu ungeweza kukifungua na kukiona. Seva nayo iliandika daftari lake yenyewe: nani kaingia, kafungua faili gani, saa ngapi.

“Miye mot de passe yangu nitaweka jina yako,” Ephraïm alimwambia kwenye simu.

“Nilishakataza majina.”

“Sasa nitaweka nini?”

“Kitu bantu hawawezi kuwaza.”

“Basi nitaweka ‘Dorine atanikubali’.”

“Ephra!”

Alimkubali. Baba mdogo wake Dorine, papa Clément, alishaambiwa, na siku ya Ephraïm kuja kujitambulisha kwa ukoo ikapangwa mwezi wa nane. Alhamisi ilikuwa siku yao ya kula pamoja mchana, kwa mama mmoja aliyepika bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo karibu na polikliniki. Alhamisi moja Dorine hakuwa na subira, akampigia simu.

“Ephra, bukari inapoa.”

“Ninakuya, chérie, nimalize kwanza hii kitu ku machine.”

“Acha machine! Kuya mbio.”

Akaja mbio kweli, koti la maabara bado mwilini, akakaa mbele yake akihema.

Kulikuwa na kazi moja tu Dorine hajaimaliza. Alitaka kila kompyuta ijifunge yenyewe mtu akiondoka dakika tano. Madaktari walilalamika kwamba itawachosha, naye akaahirisha.

Jumanne iliyofuata, picha ya skrini ikaanza kutembea kwenye simu za watu wa mtaa wa Kampemba. Yalikuwa matokeo ya damu kutoka polikliniki, ya mama mmoja wa mtaa huo, Maman Keren, pamoja na jina lake lote, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Kufika Ijumaa, mume wake alikuwa amehama nyumba.

Mkurugenzi alimwita Dorine, akataka kujua ni nani aliyelifungua faili lile. Dorine akafungua daftari la seva. Kulikuwa na mstari mmoja tu: Alhamisi ya wiki iliyotangulia, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, Ephraïm Kasonde, kompyuta ya maabara.

Alimkuta Ephraïm kwenye ukumbi, anapanga chupa.

“Alhamisi saa ine ya asubuyi ulikuwa wapi?”

“Ku labo. Ningekuwa fasi gani ingine?”

“Ku machine yako?”

“Ku machine yangu. Dorine, kuko nini?”

“Ulifungua faili ya Maman Keren.”

Ephraïm aliweka chupa chini. “Maman Keren mwenye anaimbaka na mama yangu mu choral? Hapana.”

“Seva iliandika jina yako.”

“Na miye minakuambia hapana.”

“Seva haidanganyake, Ephra.”

Ephraïm alimtazama, akingoja aseme neno jingine. Dorine akachapisha ukurasa, akaupeleka kwa mkurugenzi, na kabla ya saa sita Ephraïm alikuwa nje ya lango, koti lake limebaki kwenye kiti.

Ephraïm alimpigia simu mara kumi na moja siku ile. Dorine aliitazama inaita. Alijiambia kwamba amefanya kazi yake, kwamba mapenzi yasingeweza kuzidi siri ya mgonjwa, akalia. Kule Kampemba, Jumapili, Mama Constance, mama yake Ephraïm, alikaa kwenye benchi lake la kwaya, na waliokuwa karibu naye wakasogea mpaka mwisho wa benchi. Hakurudi tena kuimba. Mwezi wa nane ulikuja ukapita, na papa Clément hakuuliza kitu.

Mwezi wa kumi Dorine aliitwa kuweka seva katika ghala moja la unga. Ilikuwa kazi ya kawaida, mikono yake ilijua njia. Skrini ikamuuliza, kama inavyouliza siku zote: saa ya mji gani? Akachagua Lubumbashi.

Mikono ikasimama hapohapo.

Kule Golf alikuwa na haraka. Alipita tu, akaiacha mashine kwenye saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa mbili. Kwa hiyo saa nne ya seva ilikuwa saa sita ya watu. Na Alhamisi ile, saa sita na dakika kumi na nne mchana, Ephraïm alikuwa mbele yake, ana sombe mdomoni, anamwambia kwamba watoto wao watakuwa na miguu mirefu.

Alitoa simu. Ile simu ya “kuya mbio” ilikuwa bado imeandikwa: dakika mbili kabla ya saa sita. Kompyuta aliiacha wazi kwa sababu yeye, Dorine, alimwita.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa mkurugenzi akasema yote. Walipouliza nani aliyebaki karibu na maabara mchana ule, Gérard wa mapokezi akainamisha kichwa, akakiri. Picha, alisema, alimtumia mtu mmoja tu. Mkurugenzi akamwandikia Ephraïm barua ya kumwomba radhi na kumrudisha kazini. Ephraïm hakujibu. Dorine naye akaambiwa asirudi tena.

Jumapili mchana alikwenda Kampemba, nyumbani kwa kina Ephraïm, kavaa rinda jeusi lisilo na pambo. Mama Constance alimfungulia, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

“Shikamoo, mama.”

“Ingia. Eko ndani.”

Ephraïm alikuwa amekonda. Mezani kulikuwa na barua ya mkurugenzi, imekunjwa mara nne.

“Nilisoma,” alisema. “Inasema kulikuwa na erreur technique, kosa ya machine.”

“Erreur ndiyo miye. Saa ya seva, niliiweka mubaya. Ephra, unisamehe. Nilikuuliza, na—”

“Haukuniuliza, Dorine. Ulinisomea maneno ya seva.”

Ephraïm akaisukuma barua pembeni.

“Ungesema tu, ‘Alhamisi tulifanya nini?’ Tungekumbuka wote wawili. Lakini ulikuwa umeshamaliza.”

Mama Constance, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajifunga kitenge cha pili kiunoni. “Hayo yenu mutamaliza. Kwanza twende.”

“Wapi, mama?”

“Kwa mwenyewe.”

Walitembea barabara mbili bila kuongea. Maman Keren alikuwa anaosha sahani uani, peke yake. Dorine akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaeleza tangu mwanzo: Gérard, saa mbili, kompyuta zisizojifunga, na kwamba mtoto wa Mama Constance hakuhusika. Maman Keren alisikiliza huku akisuuza sahani ileile.

“Weye ndiyo unajuaka mambo ya machine?”

“Ndiyo, maman.”

“Basi karatasi yangu, unaweza kuitoa mu simu ya bantu?”

“Hapana, maman.”

“Hata mu simu ya bwana yangu tu?”

“Hapana.”

Maman Keren aliweka sahani juani. Akamgeukia Mama Constance. “Dada, Jumapili ingine ukuje. Pembeni ya kiti yako nitakaa miye.” Kwa Dorine hakusema kitu tena.

Ephraïm alimsindikiza Dorine mpaka barabara kubwa. Alisema Jumatano anaondoka kwenda Kalemie, kwa wajomba zake. Kuna hospitali inatafuta mtu wa maabara.

“Unanipendaka bado?” Dorine aliuliza.

“Ndiyo.”

Alijibu upesi mno, na hilo likamuumiza zaidi kuliko kama angekataa.

“Basi tuanze tena. Nitakuya Kalemie.”

“Na siku nitachelewa kurudi ku nyumba? Utaniuliza miye, ao utaenda kuangalia fasi ingine kwanza?”

Dorine alifungua mdomo aseme “weye”. Neno halikutoka kwa wakati.

Ephraïm akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. Akasimamisha teksi, akamfungulia mlango, akamwomba dereva apite polepole kwenye mashimo. Dorine alikaa dirishani. Alijizuia mpaka walipovuka reli. Hapo akalia, uso kaugeuzia kioo cha dirisha, kwa sababu pembeni yake abiria mmoja alikuwa ameinama juu ya simu, anapitisha kwa kidole gumba picha za watu asiowajua.