Chuma cha Moto Hakiponyi Mkono wa Vital

Kila asubuhi Vital alikamua ng'ombe wake nje kidogo ya Bunia, na mkewe Valérie akapeleka maziwa sokoni. Siku moja ya mwaka 1988, Vital alipokuwa akikata majani, panga liliteleza likamkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Daktari alishona jeraha, akaunganisha pia mshipa wa fahamu uliokatika.

Kidonda kilipona, lakini vidole havikuhisi kitu. Havikuweza kukamua. Vital akaanza kusema kwamba atamwachia mdogo wake ng'ombe wote.

Baba yake mdogo, Grégoire, alizoea kuchoma kwa chuma cha moto mguu wa ng'ombe anayechechemea. Akaweka chuma motoni ili auchome na mkono wa Vital. Valérie akamwomba angoje kidogo, akamwita jirani yao Bibiane, muuguzi.

Bibiane hakumcheka mzee. Alimuuliza tu kama ng'ombe wale walipona.

"Wengine walipona," alijibu Grégoire. "Wengine tuliwala."

Bibiane akaeleza. Seli za mshipa ule ziko karibu na uti wa mgongo, na kila moja ina uzi mrefu unaofika kidoleni. Kidole hutoa kitu kidogo sana kinachopanda kwenye uzi na kuiambia seli iendelee kuishi. Seli isiyokipata hujimaliza yenyewe. Mtoto akiwa tumboni, seli nyingi hufa hivyo. Hubaki zile zilizofika mahali pake.

"Ni sawa ndama," alisema Vital. "Ile yenye haipate titi inakufa, hata kama hakuna mutu aliiua."

"Ni vile. Nyuzi zako zilikatwa, sasa ziko zinaota tena polepole. Lakini wataalamu wameona kama njia yenyewe yenye zinapitia ndani ya mushipa iko inazinyonyesha, mupaka zifike kwa vidole. Baba Grégoire, ukichoma, utaharibu ile njia."

Grégoire akatoa chuma motoni, akasema mwili una akili kuliko yeye.

Bibiane akamwagiza Vital auepushe mkono na moto na visu, akunje vidole kila siku kwa mkono wa pili, na asubiri. Miezi ikapita. Mara nyingi Grégoire ndiye aliyemkunjia, huku akinung'unika.

Asubuhi moja Vital aliita kutoka zizini.

"Valérie, kuja uone. Kupe iko inaniuma kwa kidole."

"Basi itoe."

"Ngoja kwanza," alisema Vital, akaketi akiitazama.

Baadaye nguvu nazo zilirudi. Vital akakamua tena mwenyewe, polepole, na ng'ombe hawakwenda kwa mdogo wake.